Safari ya Siku Moja Mlimani Kilimanjaro: Nani Apande, Nani Abaki, na Lini Tushuke



Likizo za shule zinapokaribia, kwaya, vikundi vya vijana na familia nyingi hupanga safari ya pamoja. Wapo wanaokodi basi dogo na kwenda Marangu, wapande Mlima Kilimanjaro kwa siku moja mpaka kituo cha Mandara, na kurudi jioni. Hili ni jambo jema. Wageni huvuka bahari kuja kuuona mlima huu, na huku wengi wetu tunaoutazama kila asubuhi tukichota maji hatujawahi kukanyaga msitu wake.

Sisi wauguzi tunapenda kuona wazazi wakitembea na watoto wao. Lakini ni sisi pia tunaowapokea jioni wale waliopanda bila maandalizi: mtoto aliyelowa na kutetemeka, mama aliyeishiwa nguvu njiani, kijana mwenye kichwa kinachogonga. Kabla ya safari wazazi hutuuliza habari za nyoka na chui. Ni mara chache sana mtu kuletwa kwetu kwa ajili ya chui. Walioumia wengi tunaowaona waliumizwa na vitu vitatu: baridi ya mvua, haraka, na ugonjwa uliofichwa.

Katika somo la mwezi huu tutaeleza vitu hivyo vitatu na namna ya kujikinga. Fundisho lenyewe ni fupi, na msomaji akilishika hilo tu atakuwa amefaidika: kikundi kiende kwa mwendo wa aliye dhaifu kuliko wote, na dalili ya kwanza ya hatari iwe ni amri ya kushuka.

TUUJUE MLIMA WENYEWE

Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1973, na mwaka 1987 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kilele cha Uhuru kina urefu wa mita 5,895 kutoka usawa wa bahari. Anayesafiri kwa siku moja hafiki huko. Yeye huanzia lango la Marangu, lililo kwenye urefu wa karibu mita 1,900, na kupanda ndani ya msitu mpaka Mandara, mita 2,720. Njia hiyo ni ya kilomita 8 hivi. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 16, nusu yake ni kupanda. Mtu mzima mwenye mazoezi hupanda kwa muda wa saa tatu mpaka nne, na kushuka kwa muda wa saa mbili na zaidi. Wenye watoto wahesabu muda mrefu kuliko huo.

Njiani kuna miti mikubwa iliyovaa ndevu za kuvu na kangaga, vijito vya maji baridi, kima, na mbega weusi wenye mkia mweupe. Wenye nguvu zilizobaki wanaweza kutoka Mandara na kutembea kidogo mpaka ukingo wa shimo la volkano la zamani liitwalo Maundi. Ukungu ukiondoka, kutoka pale huonekana vilele vya Kibo na Mawenzi.

Ni sheria ya hifadhi kwamba kila mgeni ajiandikishe langoni, alipe ada na kuongozana na kiongozi wa mlima mwenye kibali. Wanaopanga safari waulize ada na taratibu mapema. Kikundi kilichobishana langoni mpaka saa tano asubuhi kitapanda kwa haraka, na haraka hiyo ndiyo huleta wagonjwa.

NINI HUBADILIKA TUNAPOPANDA?

Kwanza, hewa hupungua uzito. Mtu wa Tanga au Dar es Salaam akifika Mandara, kila pumzi anayovuta humpa oksijeni pungufu kidogo ya robo tatu ya ile aliyozoea kwao. Kileleni ni karibu nusu tu. Mwili hujitahidi kwa kupumua haraka zaidi na moyo kupiga haraka zaidi. Kwa mtu mzima wa afya jambo hili si la kutisha. Kwa mwenye moyo mbovu, damu pungufu au mapafu yenye maradhi, ni mzigo mzito uliowekwa juu ya mzigo mwingine.

Pili, joto hupungua. Kila tukipanda mita 1,000, joto hushuka kwa kadiri ya nyuzi 6. Siku ambayo Moshi mjini watu wanatokwa jasho kwa nyuzi 28, Mandara huenda ikawa nyuzi 16 au 17 tu, na mvua ikinyesha hushuka tena. Msitu wa Kilimanjaro hupata mvua nyingi. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, na ile ya vuli, hasa Novemba, haifai kwa safari ya watoto. Hata hivyo hakuna mwezi ambao tunaweza kuahidi kwamba mvua haitanyesha msituni.

Tatu, jua huwa kali zaidi ingawa hatulisikii. Nguvu ya miali inayounguza ngozi huongezeka kwa kadiri ya sehemu 10 kwa 100 kila tukipanda mita 1,000. Ubaridi hutudanganya. Ndugu zetu wenye ualbino wavae kofia pana, mikono mirefu na miwani ya jua, wapake mafuta ya kukinga jua kabla ya kutoka nyumbani na warudie njiani, hata siku ya mawingu.

NANI AULIZE HOSPITALI KWANZA?

Hapa tunawaomba wazazi na viongozi wa vikundi wasome polepole.

(a) Wenye ugonjwa wa selimundu. Tanzania ni mojawapo ya nchi ambazo watoto wengi huzaliwa na ugonjwa huu. Chembe nyekundu za damu ya mgonjwa hubadilika umbo zikawa kama mundu, zikakwama katika mishipa midogo na kuleta maumivu makali. Mambo yanayoamsha maumivu hayo yanajulikana: baridi, kupungukiwa maji mwilini, uchovu mkubwa, na oksijeni kidogo. Msomaji ataona mara moja kwamba mlimani yote manne hukutana mahali pamoja, siku moja. Kwa hiyo tunasema wazi: mtoto au mtu mzima mwenye selimundu asipande mpaka Mandara.

Tunamkumbuka binti wa miaka 13 hivi aliyeletwa kwetu usiku akiwa amefungwa mablanketi, akilia kwa maumivu ya miguu na mgongo. Alikuwa ametoka safari ya kikundi. Alilowa mchana, akaona haya kusema kwamba amechoka, akaendelea kupanda na wenzake. Mama yake alijua ugonjwa wa mtoto tangu utotoni, lakini hakumwambia kiongozi wa safari kwa kuogopa kwamba binti angeachwa, na kwamba watu wangeanza kumnyooshea kidole. Binti alikaa wodini siku sita, kwa dawa za maumivu, maji ya mshipa na oksijeni, akapona. Mama huyo alimpenda sana mwanawe. Ila wahenga walisema: mchelea mwana kulia, hulia yeye.

Wapo pia watu waliorithi selimundu kwa mzazi mmoja tu. Hao huwa hawaumwi, na wengi hawajijui. Kwa kawaida wanaweza kutembea mlimani kama wengine, wakinywa maji ya kutosha na kupumzika. Lakini mmoja wao akipata maumivu makali upande wa kushoto, chini ya mbavu, ashushwe mara moja na kupelekwa hospitali, maana huenda ni wengu ulioathirika kwa kukosa oksijeni.

(b) Wenye ugonjwa wa moyo, upungufu mkubwa wa damu, au shinikizo la damu lisilotulia. Hawa wabaki chini. Mwenye shinikizo lililotulia kwa dawa na anayetembea kila siku aulize kwanza, kisha ameze dawa zake siku hiyo kama kawaida. Asiziache ati kwa sababu anasafiri.

(c) Wenye pumu. Hewa baridi na kazi ya kupanda vinaweza kuamsha pumu. Aliye na pumu iliyotulia anaweza kwenda, lakini dawa yake ya kuvuta kwa mdomo iwe mfukoni mwake mwenyewe. Isiwekwe katika begi la mtu aliyetangulia mbele.

(d) Wenye kisukari, hasa wanaochoma insulini. Kupanda mlima hutumia sukari nyingi, na sukari inaweza kushuka ghafla. Waongee na daktari juu ya kipimo cha dawa cha siku hiyo. Wabebe sukari au peremende, wale kila baada ya muda mfupi, na mwenzao mmoja ajue la kufanya wakianza kutetemeka au kuongea ovyo. Tutaona mbele kwamba baridi pia huleta dalili kama hizo. Kwa mwenye kisukari, mpeni sukari kwanza mradi anaweza kumeza.

(e) Wenye kifafa. Wasikose dozi hata moja, na wasitembee peke yao karibu na vijito au kwenye kingo.

(f) Akina mama wajawazito na waliojifungua karibuni. Tunashauri wasipande. Sababu zetu ni uchovu, utelezi, na umbali wa kufika hospitali jambo likitokea.

(g) Watoto wachanga na wadogo ambao hawajajua kusema wanapoumia. Mtoto asiyeweza kusema "kichwa kinaniuma" hawezi kukupa dalili mapema. Tena mtoto wa mgongoni hupoa upesi kuliko anayembeba: mama anatembea na kutoa jasho, mtoto amekaa tu.

(h) Mwenye homa, mafua makali au kuharisha wiki hiyo. Asubiri safari nyingine. Mlima haujahama.

Kusema "abaki chini" si kusema "abaki nyumbani". Basi moja linaweza kubeba watu wote mpaka Marangu. Wale wasiopanda wanaweza kukaa na mtu mzima mwenye busara, wakatembelea maporomoko ya maji ya Kinukamori, yaliyo chini zaidi, wakala pamoja na wenzao jioni. Mtoto mwenye selimundu asioge katika maji yale ya baridi, lakini ataona, atacheka na atakuwa amesafiri. Kikundi kikipangwa hivyo tangu mwanzo, hakuna mzazi atakayeona sababu ya kuficha ugonjwa wa mwanawe.

Kiongozi wa safari naye ana wajibu wake. Wiki moja kabla, azungumze na kila mzazi faraghani, si mbele ya kwaya nzima, aulize: Mtoto ana ugonjwa gani? Anatumia dawa gani? Nimpigie nani simu? Aandike katika daftari na kulitunza kwa siri. Habari za ugonjwa wa mtu si za kupeleka sokoni.

MAANDALIZI

Mavazi. Nguo za pamba, kama fulana na kanga, zikilowa hunyonya joto la mwili na hazikauki upesi. Sweta la sufu hata likiwa na unyevu huendelea kutunza joto kiasi. Si lazima kununua vitu vya bei. Katika soko la mitumba sweta la sufu na koti la mvua hupatikana. Kila msafiri awe na:

1. fulana nyepesi ya kutembelea;
2. sweta zito;
3. koti lisilopitisha maji;
4. kofia ya sufu ya kufunika masikio;
5. soksi mbili na nguo kavu za kubadili, zilizofungwa ndani ya kitu kisichopitisha maji.

Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo tafuteni begi la turubai au ndoo ndogo yenye kifuniko.

Viatu. Viatu viwe vimefunika vidole, vyenye soli yenye meno, na viwe vimeshavaliwa kwa wiki mbili au zaidi. Kiatu kipya mlimani ni malengelenge. Kata kucha za miguu siku moja kabla, maana wakati wa kushuka vidole hugonga mbele ya kiatu. Ndala zibaki ndani ya basi.

Maji. Kila mtu mzima abebe lita mbili mpaka tatu, mtoto lita moja na nusu. Vijito vya mlimani vinang'aa kama kioo, lakini macho hayaoni vijidudu vya kuharisha. Msinywe maji ambayo hayakuchemshwa au kutiwa dawa. Mtu anywe kidogo kidogo kila mnapopumzika, hata kama hasikii kiu. Mkojo mweupe ni dalili njema. Mkojo wa rangi ya chai husema ongeza maji.

Chakula. Ndizi mbivu, viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, karanga, maandazi na chupa kubwa ya chai ya tangawizi yenye sukari vinatosha kabisa. Msipande na tumbo tupu kwa matumaini ya kula kileleni. Pombe isiwepo. Wengi hudhani huleta joto. Kweli ngozi husikia joto, lakini ni joto la ndani linalotoka nje na kupotea.

Sanduku la huduma ya kwanza. Bandeji pana, plasta, sabuni, parasetamoli, pakiti za ORS, blanketi moja la ziada, tochi na filimbi. Watoto wasipewe aspirini.

NJIANI

Viongozi wa mlima wana neno moja ambalo hata wageni wa Ulaya hulijifunza kabla ya mengine: pole pole. Neno hilo ni dawa. Kipimo chake ni rahisi. Mtu aweze kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi. Akishindwa, mwendo ni mkubwa mno kwake, hata kama wengine wanaona ni mdogo.

Mwanzo mzuri ni saa tatu asubuhi au mapema zaidi. Kiongozi wa mlima akae mbele, na mtu mzima mwenye subira akae nyuma kabisa. Hakuna mtoto anayeruhusiwa kumpita yule wa mbele wala kubaki nyuma ya yule wa mwisho. Wapangeni watoto wawili wawili, kila mmoja amwangalie mwenzake. Wahesabuni kila mnapopumzika. Angalieni mahali pa kukaa, maana msituni kuna siafu.

Kabla ya kuanza, kubalianeni saa ya kugeuka. Sisi tunashauri saa saba mchana. Ikifika saa saba, popote mlipo, hata kama Mandara imebaki dakika 20, mle, mpumzike na kugeuka. Jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu, na ndani ya msitu giza hutangulia. Ajali nyingi za miguu hutokea wakati wa kushuka, magoti yamechoka na watu wana haraka ya kuwahi basi.

Mtu akitetereka kifundo cha mguu, aketi, mguu uinuliwe, kifundo kifungwe kwa bandeji bila kukaza mno, na maji baridi ya kijito yatumike kupoza. Asipoweza kukanyaga kabisa, asilazimishwe. Kiongozi wa mlima awaite askari wa hifadhi walete machela.

DALILI ZA HATARI

1. Mwili kupoa kupita kiasi.

Joto la kawaida la mwili ni nyuzi 37. Likishuka chini ya nyuzi 35, uhai uko hatarini. Si lazima pawe na theluji. Mvua, upepo na uchovu vinatosha, hata katika nyuzi 10 au zaidi. Dalili za kwanza ni kutetemeka, vidole kushindwa kufunga kifungo, kujikwaa, na kuongea kama mlevi. Mtoto anakuwa mkimya, hataki kula wala kutembea. Watu husema "anadeka". Kutetemeka kukikoma na huku bado amelowa na anasinzia, msidhani amepona. Hapo ndipo hatari ilipo kubwa.

Fanyeni hivi: mtoeni kwenye upepo na mvua, mvueni nguo zote zilizolowa, mvisheni kavu, pamoja na kofia, wekeni blanketi au majani makavu chini yake, kwa kuwa ardhi hunyonya joto, mtu mmoja mwenye joto amkumbatie ndani ya blanketi. Akiwa macho na anaweza kumeza, mpeni chai ya moto yenye sukari nyingi. Msimsugue mikono na miguu, wala msimweke karibu na moto mkali. Kisha ashushwe. Akiwa amesinzia au amezimia, abebwe kwa upole bila kutikiswa.

2. Ugonjwa wa mlima.

Huu huletwa na kupanda upesi kuliko mwili unavyoweza kuzoea, na kwa kawaida hutokea juu ya mita 2,500. Dalili zake ni kichwa kuuma pamoja na kichefuchefu, kizunguzungu, kukosa hamu ya kula, au uchovu usio wa kawaida. Mara nyingi huanza baada ya muda wa saa 6 hadi 12, kwa hiyo anayepanda Mandara kwa miguu na kushuka siku hiyohiyo yuko katika hatari ndogo. Hata hivyo mtu yeyote anayeumwa kichwa huko asiendelee kupanda. Apumzike, anywe maji, apewe parasetamoli. Asipopata nafuu, ashuke na mtu mzima. Parasetamoli imekusudiwa kumpunguzia maumivu, siyo kumpa ruhusa ya kuendelea.

Ugonjwa huu una sura mbili zinazoua. Ya kwanza ni maji kujaa mapafuni: mtu anahema hata akiwa ameketi, anakohoa, na baadaye hutoa povu lenye rangi ya damu. Ya pili ni ubongo kuvimba: anachanganyikiwa, au hawezi kutembea juu ya mstari ulionyooka akiweka kisigino mbele ya kidole. Kwa yote mawili, tiba ya kwanza ni kumshusha papo hapo, usiku au mchana. Msisubiri asubuhi. Msimwache ashuke peke yake.

ANGALIZO KWA WANAOKWENDA KWA GARI

Tumesema hatari ni ndogo kwa anayetembea mpaka Mandara. Hesabu hubadilika kwa wale wanaochagua upande wa magharibi, ambako gari hupita lango la Londorosi na kupanda mpaka uwanda wa Shira, karibu mita 3,500. Wengi huona safari hii ni nyepesi kwa sababu miguu haichoki, na hivyo huwapakia humo bibi, babu na watoto wachanga. Lakini mtu aliyeamka Moshi, kwenye mita 800 hivi, na adhuhuri yuko mita 3,500, amepanda mita 2,700 kwa asubuhi moja. Gari limepanda, damu yake haijapanda. Huko oksijeni ni karibu theluthi mbili tu ya ile ya pwani. Orodha yetu ya watu wa kubaki chini ifuatwe huko kwa ukali zaidi. Msikae muda mrefu, watoto wasishindane mbio, na gari lisiondoke kwenda kwingine likawaacha, maana ndilo machela yenu.

BAADA YA KURUDI NYUMBANI

Maumivu ya mapaja na ndama za miguu kwa siku mbili tatu ni ya kawaida; maji ya uvuguvugu na kutembea kidogo husaidia. Lakini mtu akipata homa na kichwa kuuma baada ya safari, asijitibu akisema "ni mlima tu". Huenda alikuja na malaria kutoka kwao, au aliumwa na mbu alipolala bila chandarua njiani. Apimwe siku hiyohiyo. Vivyo hivyo mwenye kukohoa na kuhema, kuharisha damu, au maumivu makali ya tumbo, asingoje wiki iishe.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI NA KATIKA JUMUIYA

1. Je, katika familia yetu kuna mtu mwenye ugonjwa ambao kiongozi wa safari anapaswa kuujua? Nani atamwambia?
2. Ni mambo gani manne yanayoamsha maumivu ya selimundu? Tutafanyaje ili mtoto mwenye ugonjwa huo asafiri nasi bila kupanda?
3. Mtoto amelowa, ameacha kutetemeka, anasinzia. Taja hatua tano za kumsaidia, kwa mpangilio.
4. Saa saba imefika, Mandara inaonekana, na vijana wanasema "twendeni tu". Kiongozi aseme nini?
5. Kwa nini anayekwenda kwa gari mpaka Shira yuko katika hatari kubwa kuliko anayetembea mpaka Mandara?

Kikundi kinachoweza kujibu maswali haya matano kiko tayari kuagiza basi. Na ikitokea kwamba mtoto mmoja amechoka au kichwa kinamuuma, basi yule mtu mzima wa nyuma amshike mkono, washuke pamoja pole pole, bila kumsema wala kumcheka. Atapanda mwakani.